Punda wa Kulesa anahitaji kijana mwenye simu

Kuna methali tuliyoimeza bila kuitafuna: punda afe, mzigo ufike. Tunaitumia wakati wa mitihani, tunaitumia kazini mdosi akituongezea saa, na wanasiasa hawaiachi majukwaani. Lakini hebu ipeleke Kulesa, kijiji cha kandokando ya Mto Tana kule Garsen, uone kama hesabu yake inakubali. Punda akifa Kulesa, mzigo haufiki. Unabaki pale pale njiani, kisha anautwika mama, au dada, au mtoto ambaye saa hiyo angekuwa darasani.

Hoja yangu leo ni moja. Simu hiyo unayoskroli usiku kucha mpaka bando inakata ina darasa zima la afya, tabia na ustawi wa punda na farasi, na kijana wa Kulesa ana haki na sababu ya kuingia humo. Wewe pia wa Mombasa au Nairobi ambaye nyumbani kwenu kuna punda, hujaachwa nje. Na wale wanaotengeneza masomo hayo wana deni kwetu: wafundishe kwa Kiswahili, na wafundishe punda, si farasi peke yake.

Najua wapo watakaocheka. "Yaani mtu amalize fomu foo aanze kusomea punda?" Ngoja kwanza tupige hesabu.

Hesabu ya mitungi

Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mkokoteni wa punda wenye mitungi kumi unabeba kilo 200 kwa safari moja. Mwondoe punda, na hizo ni safari kumi za mtu mmoja mwenye mtungi kichwani, kwenda na kurudi, kwenye mto wenye mamba. Na tukisema "mtu mmoja" sote tunajua mara nyingi ni nani. Ni mama na binti yake.

Ongeza mavuno. Huku Tana Delta, Wapokomo wanalima mpunga, mahindi, ndizi na maembe, na Waorma na Wardei wanafuga. Wote wanamtegemea punda kwa namna yao: huyu kwa kutoa gunia shambani, yule kwa kuhamisha vyombo na maji akifuata malisho. Utaniambia siku hizi kuna bodaboda. Kweli ipo, na imesaidia. Lakini boda inataka petroli kila asubuhi na inataka barabara. Mwishoni mwa 2023 wakati wa mvua za El Niño, na tena msimu wa masika wa 2024, maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Maji yanapopungua linabaki tope, na kwenye tope punda huenda pikipiki inapozama.

Sasa angalia idadi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Sensa ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, vichinjio vilivyopewa leseni huko Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana vilikuwa vikichinja punda, ngozi ikienda China kutengenezwa ejiao, ile dawa yao ya kienyeji. Ripoti ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliyotolewa 2019 ilionyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, aliamuru vichinjio hivyo viache kazi hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikabatilisha agizo lake. Kisha Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani.

Hivyo vita vya vichinjio vina watu wanaovipigania. Vita ambavyo havina mtu ni vya nyumbani: punda anayekufa kwa kidonda, kwa minyoo, kwa mzigo uliofungwa vibaya, kwa ugonjwa ambao ungeonekana siku tatu mapema kama mtu angejua pa kuangalia. Na punda hapatikani haraka kama kuku. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kupewa kazi nzito kabla ya miaka mitatu au minne. Ukimpoteza punda leo na ukamtegemea mwana wake ambaye hata mimba yake haijatungwa, utasubiri kama miaka mitano. Nani ana miaka mitano ya kuchota maji kichwani?

Darasa liko wapi

Masomo yapo. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina kozi ya tabia na ustawi wa wanyama kwenye Coursera, na nyingine ya lishe ya farasi na jamaa zake. Chuo Kikuu cha Florida kina ya misingi ya kutunza farasi. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, limeweka mtandaoni maelezo mengi ya utunzaji wa punda, na shirika hilo si geni mwambao. Kliniki yake ya Lamu ilifunguliwa 1987, hapo hapo kaunti jirani. Kuna pia Brooke, shirika lililoanzia Cairo mwaka 1934 kwa ajili ya farasi wa vita waliochakaa, ambalo leo linafanya kazi Afrika Mashariki kuhusu wanyama wa kazi.

Masomo mengi ya aina hii hukutoza ukitaka cheti tu. Kusoma ni bure au karibu na bure. Gharama kubwa ni bando na subira.

Unajifunza nini humo? Nitataja machache, maana hoja bila mfano ni kelele.

La kwanza ni joto la mwili. Punda mzima mwenye afya ana nyuzi kati ya 36.5 na 37.8 za Selsiasi. Farasi huwa juu kidogo, mara nyingi kati ya 37.5 na 38.5. Kwa hiyo punda mwenye nyuzi 38.4 ana homa, ilhali farasi mwenye kipimo hicho hicho anaweza kuwa mzima kabisa. Themomita ya dijitali inauzwa dukani kwa mwenye famasi. Itenge iwe ya punda peke yake, kwa sababu inapimwa nyuma chini ya mkia, na usisimame moja kwa moja nyuma yake. Basi. Hapo umeshajua kitu ambacho kinaokoa siku mbili za "tusubiri tuone".

La pili ni fizi. Inua mdomo wa juu wa punda utazame. Fizi za waridi ni habari njema. Bonyeza kwa kidole gumba, achilia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe zinasema damu imepungua, pengine kwa minyoo, pengine kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na hapa Tana mbung'o si hadithi.

La tatu ni kula. Ng'ombe akikosa hamu ya kula siku moja, wengi hawashtuki. Punda akiacha kula ni dharura. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu, ini linalemewa, na anaweza kufa. Kinachomfanya aache kula kinaweza kuwa jino, kinaweza kuwa maumivu, na kinaweza kuwa huzuni. Ndiyo, huzuni. Punda hushikana na mwenzake kama ndugu. Mmoja akiuzwa au akifa, yule anayebaki anaweza kususia chakula. Mzee akikuambia "huyu punda anamlilia mwenzake", usicheke. Kozi za ng'ambo zinasema vivyo hivyo.

La nne ni kwato. Zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Ukwato wa punda unanyonya unyevu kuliko wa farasi, kwa sababu asili yake ni nchi kavu. Sasa fikiria delta baada ya mafuriko: wiki nzima miguu iko kwenye tope. Ukwato unalainika, unaoza, unanuka. Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kumtafutia sehemu iliyoinuka na kavu alale, na kumsafisha nyayo kila jioni.

La tano, tazama jina lenyewe: pepopunda. Kiswahili kiliuita ugonjwa huu kwa jina la punda, na sayansi inakubaliana kwamba punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaopata pepopunda kwa urahisi zaidi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi na huingia kwa kidonda, hasa kile kidogo chenye shimo refu kama cha msumari. Kwa hiyo kidonda kidogo cha ukwato si kidogo. Chanjo ipo, muulize daktari wa mifugo.

Mbishi, au anafikiri?

Nikiombwa nichague somo moja ambalo kila kijana angeanza nalo, ningechagua tabia. Maana hapa ndipo fimbo inapoanzia.

Farasi akiogopa, hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Anasimama kabisa, masikio mbele, anatazama lile dimbwi, ule mfuko unaopeperuka, lile daraja la mbao, anapima. Sisi tunaita ubishi. Tunachukua fimbo. Fimbo inaongeza hofu, hofu inamfanya azidi kusimama, na mwisho binadamu anasema "punda ni mjinga". Mwache dakika moja atazame, au mtangulize mwenzake aliyezoea, na mara nyingi atavuka. Dakika moja tu. Matatu inakuweka stejini nusu saa na hupigi mtu.

Jambo lingine la tabia ndilo la hatari zaidi: punda huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo la kusokota anaweza kujigaragaza na kutoa jasho kila mtu akaona. Punda mwenye maumivu hayo hayo anaweza kusimama tu kimya, kichwa chini, amejitenga. Ukimwona "ametulia leo", huenda anaumwa sana. Anayejua hili atampima joto. Asiyejua atamfunga mkokoteni.

Na zile video! Sote tumeziona: mkokoteni umejazwa nyuma kupita kiasi, mikono yake imeruka juu, punda ananing'inia hewani, na chini yake emoji za kucheka zimejaa. Fizikia ya pale ni rahisi. Mzigo ulipaswa kukaa juu ya ekseli, umegawanywa mbele na nyuma, usimwelemee punda shingoni wala usimnyanyue. Nasi tunacheka kosa la aliyepakia kana kwamba ni la punda. Tukizungumzia mzigo wa mgongoni, kiwango kinachotajwa sana kwa punda mzima wa wastani ni takriban kilo 50. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20 na nafasi kidogo. Mitungi minne ni kilo 80. Hesabu hiyo haihitaji kozi, inahitaji tu mtu wa kuisema kwa sauti pale mtoni.

Usinunue kila kitu

Hapa lazima niwe mkali, kwa sababu mtandao una walimu wa kweli na una matapeli, na wote wana video zenye mwanga mzuri.

Onyo la kwanza: masomo mengi ni ya farasi. Farasi si punda mwenye masikio mafupi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa hapa hapa Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Mwili wake umeumbwa kwa ukame, kwa majani makavu, kwa mwendo mrefu. Ukimlisha nafaka nyingi kama farasi wa mbio za Ngong, unaweza kumharibu kwato na ini. Hata dawa: baadhi ya dawa hutoka haraka zaidi kwenye mwili wa punda kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo na muda hubadilika. Ukisoma kozi ya farasi, kila sura jiulize: je, na punda?

Onyo la pili: kozi ya mtandaoni haikufanyi daktari. Sheria ya Kenya ya 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka anayetibu wanyama asajiliwe na bodi yao, KVB. Ukimaliza kozi ya wiki sita ukaanza kudunga sindano kijijini, unavunja sheria na huenda ukaua. Kazi yako ni nyingine na ni kubwa: kuona mapema, kusafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, kuzuia mtu asimwage oili chafu ya gari au asichome kwa chuma cha moto, na kumpigia daktari wa mifugo ukiwa na habari kamili. Hebu linganisha simu mbili. Ya kwanza: "Daktari, punda ni mgonjwa." Ya pili: "Daktari, punda jike, miaka minane, hajala tangu jana asubuhi, joto 38.6, fizi zimepauka, hajapata choo." Daktari mmoja anayehudumia eneo kubwa lenye barabara mbovu ataelewa ipi aikimbilie, na abebe dawa gani.

Onyo la tatu: uliza nani anasema. Chuo? Shirika linalojulikana? Daktari aliyetaja jina na usajili wake? Au ni jamaa anayemalizia kila video kwa kuuza chupa ya dawa inayotibu magonjwa 12? Mtu anayekuuzia tiba ya kila kitu hajakufundisha chochote.

Na watu je?

Kuna hoja moja nzito zaidi ya kicheko, nami naiheshimu. Mtu wa Kulesa anaweza kuniambia: "Sisi wenyewe tunahangaika na maji, barabara, zahanati na mafuriko. Unatuletea haki za punda?"

Jibu langu ni kwamba pale kijijini mambo hayo hayajatengana. Tangu 1979 huko Uingereza ustawi wa mnyama umekuwa ukipimwa kwa uhuru wa aina tano: asiwe na njaa wala kiu, awe na mahali pa kupumzika, asiachwe na maumivu na magonjwa, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu. Zisome tena polepole. Punda mwenye kiu ni kaya isiyo na maji. Punda mwenye kidonda cha mgongo ni gunia la mpunga lililobaki shambani mvua ikikaribia. Punda anayeogopa ni mtoto atakayepigwa teke. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, lakini ni mara ngapi tumeuliza alikuwa anashukuru kwa lipi?

Isitoshe, sheria ipo tayari. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au na kidonda. Kilichokosekana ni maarifa ya kumwezesha mtu kuitii. Huwezi kumshtaki baba wa watu kwa kidonda cha kamba ya nailoni ikiwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba gunia kuukuu lililokunjwa na kushonewa kwenye mkanda wa kifuani lingetosha kukizuia.

Na kwa kijana kuna kazi hapa. Sisemi utajiri, nasema kazi. Kijiji chenye punda kinahitaji mtu wa kupunguza kwato aliyefunzwa. Kinahitaji fundi wa kushona shogi na mikanda isiyochubua. Kinahitaji seremala anayejua mkokoteni wenye uwiano. Na aliyependa zaidi ana njia rasmi: vyuo vya mafunzo ya afya ya wanyama kama AHITI pale Kabete hutoa cheti na diploma. Kozi ya mtandaoni itakusaidia kujua mapema kama unaiweza kazi, kabla mzazi hajauza mbuzi kulipa karo.

Deni la Kiswahili

Sasa niwageukie wenye kutengeneza masomo na wenye mamlaka.

Kozi nzuri ya Kiingereza ya saa 20 yenye video nzito haimfikii kijana ambaye mtandao wake unashika akiwa amesimama chini ya mwembe mmoja tu. Anachohitaji ni sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili, inayotumika kwa WhatsApp, inayosikilizwa na mamake na babake pia. Anahitaji Kipokomo na Kiorma. Anahitaji picha ya punda wa kijivu kwenye tope, si farasi mwekundu kwenye nyasi za Kentucky. Mashirika ya punda yana ujuzi. Vyuo vina mitambo. Redio za mwambao zina wasikilizaji. Waketi meza moja.

Serikali ya Kaunti ya Tana River nayo imkumbuke punda anapostahili. Kampeni za chanjo ya mifugo hulenga zaidi ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa sababu hao ndio wana soko. Punda hana soko kwa kuwa hauzwi nyama, lakini ndiye anayepeleka vitu sokoni. Siku maafisa wa mifugo wanapokuja kuchanja ng'ombe, saa mbili za kuwaonyesha vijana jinsi ya kupima joto, kutazama fizi na kupunguza kwato hazitavunja bajeti ya Hola.

Wewe msomaji wa mjini, usidhani umeachwa nje ya stori hii. Mchele wa Mwea unapita kwenye mkokoteni wa punda kabla haujafika kwenye pakiti. Mawe na mchanga wa nyumba za Lamu unazopostia picha ukiwa likizo vilipita vichochoroni juu ya mgongo wake. Kama una bando ya kutosha na Kiingereza kizuri, una kitu ambacho binamu yako wa kijijini hana. Fanya somo moja, lielewe, lihakikishe na daktari wa mifugo, kisha lirekodi kwa lugha ya nyumbani ulitume kwenye grupu ya familia. Badala ya "good morning" zenye maua, tuma jinsi ya kutazama fizi za punda.

Na wewe uliye Kulesa, usisubiri cheti. Wiki hii tafuta themomita. Mpime punda wenu akiwa mzima, siku tatu mfululizo, uandike namba zake kwenye simu. Inua kwato zote nne. Pitisha mkono chini ya mkanda uone panapochubua. Siku atakapougua utakuwa na cha kulinganisha, na daktari atakuwa na mtu wa kuzungumza naye.